Akidi

Saa nne kasoro, ukungu wa Isongole bado haujaamua.
Ofisi ya ushirika inanuka maziwa ya jana,
nami katibu nahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu:
thelathini na tisa.
Narudia, naanzia dirishani.
Thelathini na tisa.

Katiba yetu, ibara ya kumi na saba, inataka arobaini.

"Mwaipaja je?" Yuko Mbeya, anamuuguza mkewe.
"Mama Syabumi?" Ng'ombe wake anazaa tangu alfajiri.
Mwenyekiti Tusajigwe anakohoa, anatazama mlango.
"Na aliyeko nje?"

Aliyeko nje ni Ambakisye Mwakifuna,
ajenda namba nne.
Amekalia keni aliyoipindua, mwavuli begani,
barua yetu kwenye mfuko wa koti.

Barua niliiandika mimi, siku kumi na nne kabla, kama ilivyoelekezwa:
unatuhumiwa kuongeza maji katika maziwa ya chama,
tarehe sita, laktomita ikasoma ishirini na mbili;
una haki ya kujitetea.
Alisaini kupokea, akanirudishia nakala,
akaniambia nimesahau muhuri.

Katiba hii aliiandika yeye,
ibara kwa ibara, kwa mkono,
nyuma ya daftari la jiografia la mwanawe.
Ukifunua ukurasa wa adhabu
unaona, kwa mbali, mito ya Afrika.

Kijana mmoja akadakia:
"Tangu lini mbuzi akahesabiwa
miongoni mwa wageni wa karamu yake?"
Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.
Nikatafuta ibara. Haisemi atoke.
Inasema hatapiga kura.

Tukamwita.
Akakung'uta buti mlangoni, la kushoto, la kulia,
akasaini mahudhurio, mstari wa arobaini,
akakaa.
Kikao kikawa halali.

Hoja aliitoa Gwantwa Kibona.
Nani anaunga mkono?
Mvua ikasema peke yake juu ya bati
mpaka shemeji yake akanyoosha mkono, nusu,
kama anayejikinga na jua ambalo halikuwapo.

Sauti za nyuma zikataka afukuzwe.
Hapo akasimama. "Utaratibu, Mwenyekiti.
Kufukuza ni theluthi mbili ya wanachama wote,
na leo hamfiki hata mkijumlisha na mimi.
Mnaloliweza ni karipio."
Sauti ileile aliyokuwa akitusomea bei ya lita.

Nikaandika: *aibu*.
Sijui mkono uliitoa wapi. Nikakata, nikaandika: *karipio*.

Utetezi?
"Sina."
Nikamwachia mistari mitatu mitupu, huenda akakumbuka kitu.

Ndiyo, thelathini na mmoja.
Hapana, watano.
Watatu walitazama viatu vyao.
Mwenyekiti akalisoma karipio, yeye kasimama, kofia mkononi.
Lilikuwa fupi kuliko sala ya kufungulia.
Kisha mengineyo: dawa ya kupe imepanda bei,
nalo likatuchukua saa nzima.

Asubuhi yake nilikuwa mapokezi.
Laktomita ikasimama thelathini.
Hakuitazama. Mimi niliitazama mara mbili,
na nadhani aliona.

Mwezi uliofuata nikausoma muhtasari, neno kwa neno,
koo limenikauka nilipofika ajenda ya nne.
"Kuna masahihisho?"
Mkono mmoja, kutoka benchi la ukutani.

"Ukurasa wa pili," akasema Ambakisye.
"Katibu ameandika lita tano za maji.
Zilikuwa sita."

Nikaikata tano kwa mstari mmoja,
ili bado isomeke, kama alivyotufundisha,
nikaandika sita juu yake,
naye akaja mezani, akaomba kalamu,
tukasaini pembeni, wote wawili.